Alichosema Kipa Mikono

Goma, Jumatano, tarehe 7 mwezi wa sita. Asubuhi: hakuna mvua, moshi wa volkano umelalia upande wa Sake, jivu jepesi juu ya nguo nilizoanika. Jioni: upepo wa ziwa, baridi.

Mumbere, mwanangu, papa wangu,

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kuchemsha maji, wala mahali pa kuficha simu ukifika kwenye vizuizi vya barabarani. Hayo dada yako amekuimbia wiki nzima, nawe umekuwa ukimjibu, "Ndiyo, mama mukubwa," mpaka amekasirika na kuacha. Mambo ya shule na chumba, baba yako atakuonyesha ukifika Butembo. Mimi nina neno moja tu, ila njia yake ni ndefu, kwa hiyo nivumilie.

Leo jioni ulikuwa uani ukizungumza na Koko, babu yako wa mji wa Kiwanja, kwa simu, nami nilikuwa naanua nguo. Nilikusikia ukimwambia, "Koko, usiogope. Kesho nafika Kiwanja, na siendi tena mbele mpaka Butembo. Tutabakia wawili. Kipa hatokake mu goli." Kisha nikasikia sauti ya baba yangu ndani ya simu, anacheka. Sijamsikia akicheka vile tangu tulipomzika mama. Niliingia ndani na nguo zikiwa bado mbichi.

Maneno hayo, kwamba kipa hatoki golini, ni yangu, papa. Niliyatunga mimi nilipokuwa msichana wa sekondari. Hakuna kipa aliyewahi kuyasema.

Umekua na hadithi za Kipa Mikono kama watoto wengine wanavyokua na za sungura na fisi. Unaijua kofia yake bapa na sweta lake zito. Unajua kwamba mchana anachoma matofali na jioni anakimbilia uwanjani akiwa bado na vumbi jekundu masikioni, na wenzake wenye viatu vizuri wanamcheka mpaka penalti ya kwanza. Unajua alikuwa kipenzi cha mjomba wako Kasereka, ambaye hukumwona. Usichojua ni jinsi alivyotufikia.

Alitufikia akiwa amefungiwa karanga. Miaka ile magazeti ya zamani ya Kiingereza yalikuwa yanaingia kutoka upande wa Uganda kwa marobota, na akina mama wa soko la Kiwanja waliyakata na kuyakunja kuwa vifuko vya karanga. Kati ya karatasi hizo zilikuwemo kurasa za magazeti ya wavulana wa Uingereza, hadithi za michoro ya wino mweusi, picha moja moja ndani ya vyumba vyake. Kasereka alikuwa akinunua karanga, anazimwaga mfukoni, anakunjua karatasi.

"Mama, nipe ile iko na kipa."

"Karanga ni ile ile, weye mutoto."

"Karanga yako ni nzuri, mama. Lakini kipa ni muzuri kupita."

Walimcheka, kisha wakaanza kumwekea. Kurasa zilikuja bila mpangilio. Leo Mikono, jina tulilompa sisi, amevunjika vidole, wiki ijayo vidole vizima, wiki inayofuata yuko tena hospitali. Kasereka alizipanga chini ya godoro lake kwa mpango alioujua yeye, zote zina madoa ya mafuta, na katika kila picha mvua inanyesha. "Yaya," aliniuliza, maana mimi ni dada yake mkubwa, "huko kwabo mvua haishake? Sasa matofali banayakausha wapi?"

Nyumbani hakuna aliyejua Kiingereza. Lakini mimi nilikuwa sekondari, na Muzee, baba yangu, alipenda kuwaambia wageni, "Masika wangu, umupe lugha yoyote, anaisoma." Kweli ni kwamba mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha salamu na majina ya vitu vya darasani, kisha akaenda kutafuta dhahabu na hakurudi. Basi Kasereka alipoketi karibu nami na kuweka kidole juu ya lile wingu jeupe lenye maandishi, "Yaya, anasema nini hapa?", mimi nilitazama uso wa yule mtu, nikatazama mikono yake, nikasoma. Nilisoma bila kusita, kama padri.

Mara nyingine alinikamata.

"Yaya, juzi ulisema huyu mwenye sharubu ni adui. Leo banakula pamoja?"

"Walipatana."

"Siku gani?"

"Kwenye ukurasa ambao hatuna."

Alikubali. Mtu anayekupenda huwa anakusaidia kumdanganya.

Kisha ikaja ile karatasi. Wewe unaijua kwa maneno tu. Nimeiweka ndani ya barua hii, ikunjue polepole, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Jukwaa la mbao linawaka moto, moshi umejaa uwanjani, watu wanarukia nje kama panzi. Mikono amesimama mbele ya goli, mikono yote miwili ameitandaza, kinywa wazi, na maandishi juu yake ni makubwa kuliko katika picha nyingine zote. Kasereka hakuuliza. Alinitazama tu, akingoja. Nikaona ile mikono iliyotandazwa, nikasema, "Anawaambia, kimbieni ninyi. Kipa hatokake mu goli."

Ukurasa uliofuata hatukuupata kamwe. Huu aliupigilia misumari juu ya kitanda chake.

Yeye mwenyewe alikuwa kipa. Glavu zake nilimshonea mimi kwa gunia, ndani nikaweka kipande cha blanketi. Goli lake lilikuwa nguzo mbili za lango letu, zile zinazotazama barabara. Aliomba chokaa kwa mafundi waliokuwa wanajenga kanisa, akazipaka mpaka juu. Mwaka ule wakimbizi walipojaa na mashamba kugeuka hema, watoto wao walikuja kucheza pale kwetu. Hakuna aliyeuliza nani anatoka wapi. Waliuliza tu kama yule mrefu ataruka tena. Aliruka. Nyanya yako alikuwa analalamika kwamba lango lake halifungiki tena kwa sababu ya mashimo ambayo viwiko vyake vilichimba chini yake.

Kisha vita vikafika. Katika daftari langu la kila siku, ukurasa wa siku ile unaanza hivi: Asubuhi, jua zuri. Nakumbuka nilivyoandika bila kufikiri, kabla ya kifungua kinywa. Saa chache baadaye barabara ilikuwa haionekani kwa watu. Sikiliza sasa jambo ambalo watu wa rika lenu hamlijui: wakati ule, karibu kila nyumba iliyokimbia iliacha kijana mmoja alinde. Tulidhani vita ni kama mvua, unaacha mtu mmoja wa kuangalia paa, mnarudi ikikatika. Hakuna aliyeona ni ukatili. Kijana aliyeachwa alijiona mkubwa.

Lakini Muzee hakutaka. Hilo lazima ulijue kabla hujaonana naye. Alisema, "Kasereka, acha michezo. Beba mutungi, tunaenda."

Kasereka alikuwa amesimama kati ya zile nguzo, glavu mikononi, mikono ameitandaza, anacheka. "Papa, nendeni. Mukirudi mutakuta hata kuku moja hajapotea. Kipa hatokake mu goli. Uliza Yaya, yeye njo alisoma."

Baba yangu akanigeukia. Nilikuwa na godoro kichwani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la maana kwa mtu anayejua, "Masika, ni kweli imeandikwa vile?"

Nimeishi miaka mingi na swali lile, na kila mara najibu tofauti. Siku ile niliona Muzee ananitazama kama alivyokuwa akinitazama mbele ya wageni. Nikasema, "Ndiyo, Papa. Imeandikwa."

Akafikiri kidogo. Akasema, "Basi. Siku mbili."

Tulirudi baada ya wiki nyingi. Nguzo zilikuwa nyeupe vilevile. Mlango wa nyumba haukuwepo, wala kuku, wala Kasereka. Vijana walioachwa kwa majirani nao hawakuwepo, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Juu ya nguzo ya kushoto mtu alikuwa amechomeka glavu moja, vidole juu, kama mkono unaosimamisha gari. Sijui kama ni yeye aliyeiweka au ni wapiganaji waliopita. Ile karatasi ilikuwa bado ukutani juu ya kitanda chake. Niliibandua, nikaondoka nayo.

Tangu hapo Koko yako hajalala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja. Vita vimepita juu yake mara ngapi, majirani wamekimbia na kurudi, yeye yuko. Kila mwaka kabla ya Noeli anapaka zile nguzo chokaa upya. Mimi hudhani watu wanamwona amepungukiwa akili, lakini yeye hueleza kwa utulivu kabisa: "Mutoto alisema hatoki. Maana yake njo hapa atarudi. Asije akapita bila kuijua nyumba."

Haya yote Koko anayajengea juu ya neno langu.

Mimi mwenyewe niliujua ukweli miaka kadhaa baadaye, hapa Goma, mtaa wa Birere, nilipoanza kuuza vitambaa. Kulikuwa na dereva wa lori kutoka Uganda, mtu mzima mwenye tumbo, aliyekuja kushusha mizigo na kuketi kwenye kivuli cha kibanda changu. Siku moja alikuwa anasoma gazeti la Kiingereza, nami karatasi ya Kasereka nilikuwa nayo ndani ya daftari kama kawaida. Nikampa. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka mtu aniambie kwamba nilibahatisha, nikapatia.

Akaitazama, akacheka kwa furaha. "Huyu mzee! Mama, huyu tulikuwa tunamsoma shuleni kwa baba mapadri. Umemtoa wapi?"

"Anasema nini hapo?"

"Hapa?" Akasogeza karatasi mbali na macho. "Anawaambia wachezaji wake. Wale wawili hapa pembeni, unawaona? Wanataka kubaki wazime moto, waokoe goli. Anawaambia, tokeni, tokeni wote. Goli ni mbao na wavu, liacheni. Kisha anasema, mimi natoka wa kwanza, nifuateni."

"Anatoka?"

"Anatoka, mama. Angalia mguu wake."

Nikaangalia mguu. Katika miaka yote ile nilikuwa nimetazama mikono tu. Mguu wa kulia umeinuliwa, umeshapita mstari wa goli. Ile mikono haikuwa ya kuzuia. Alikuwa anawasukuma watu mbele yake, kama mtu anayeswaga mbuzi.

"Na jina lake," akaendelea, "limeandikwa hapa juu, anaitwa..."

"Usiniambie," nilisema. Akanitazama, akanirudishia karatasi, akazungumzia bei ya mafuta ya gari.

Nyumbani, yaani kwa Muzee, sikusema kitu. Nilijiambia nitasema nikienda Noeli. Nikaenda, nikamkuta amepanda kwenye stuli na brashi ya chokaa, nikamshikia ndoo.

Ulipozaliwa ukakua ukaanza kudaka kila kitu kinachorushwa, hata viazi, nilikusimulia Mikono. Na nilipofika kwenye karatasi ile, nilikusimulia maneno yangu, si yake. Nilikuwa nimeshajua. Hili ndilo kosa ambalo sina mahali pa kuliweka. La kwanza lilikuwa la msichana mwenye majivuno. La pili nililifanya nikiwa mtu mzima, kwa sababu nilifikiri kwamba nikikuambia kipa alitoka, basi nitakuwa nimekuambia kwamba mjomba wako alisimama pale bure. Nilikuwa namlinda mtu aliyekwisha ondoka, kwa kumtumia mtoto aliye mikononi mwangu.

Unakumbuka usiku wa volkano. Mbingu nyekundu, mtaa mzima uko barabarani, dada yako analia kwa ajili ya viatu. Wewe ulikuwa kijana wa kuota ndevu, ukasimama mlangoni, ukatandaza mikono. "Mama, nendeni. Mimi nalinda nyumba." Nikakupiga kofi. Sijakupiga usoni kabla ya hapo wala baada. Kwenye barabara ya Sake, katikati ya watu na mbuzi na magodoro, ulinisogelea ukaniuliza, "Mama, ulinipigia nini?" Nikakujibu, "Tembea."

Hili ndilo jibu, papa. Limechelewa, lakini ndilo.

Sasa kuhusu kesho. Mchana nilikwenda mwenyewe kwenye kituo kukukatia nafasi. Niliyaona mabasi yanayoingia kutoka Rutshuru, magodoro juu ya paa, kuku madirishani, watoto wamekaa juu ya watoto. Nilimuuliza dereva kama kesho kutakuwa na nafasi. Alikuwa anapiga mswaki, akatema, akasema, "Kupanda kule iko nafasi, mama. Mutoto akitaka kulala mu siti tatu, alale. Kushuka huku njo batu banapigania siti."

"Na njia?"

"Njia iko. Leo iko."

Muuza mayai aliyekuwa karibu akasema, "Dereva wetu anapanda na hewa," wakacheka wote wawili, si kicheko cha kufurahi.

Nilikata ile nafasi. Utajiuliza kwa nini. Kwa sababu shule imekupokea, na baba yako ameshahangaika mwaka mzima. Kwa sababu hapa Goma nako hakuna anayelala vizuri, na ninaowaona wakishuka leo sijui kesho kutwa watashuka kwenda wapi. Na jioni hii sijairudisha, kwa sababu ya Muzee. Nilimpigia simu baada yako, nikiwa nimeshaamua kumwambia. Akanitangulia: "Masika, mutoto anakuja kukaa nami. Amesema hatoki. Aksanti kwa kumulea vile." Nikamtakia usiku mwema. Mara ya pili maishani ameniuliza, safari hii bila swali, na mara ya pili nimejibu ndiyo.

Kwa hiyo barua hii sitaitia ndani ya mfuko wako. Nitakupa mkononi kituoni, na nitakuomba uisome kabla basi halijatoka. Ukimaliza ukataka kushuka, shuka. Nitabeba begi lako mwenyewe mpaka nyumbani na sitauliza kitu, na baba yako nitamjibu mimi. Ukitaka kwenda, basi nenda ukijua unakwenda kufanya nini.

Ukifika kwenye zile nguzo nyeupe, usiingie kwanza. Muite Koko atoke nje, akae pale kwenye jiwe lake. Mwonyeshe karatasi. Mwonyeshe mguu, si mikono. Mwambie Masika alidanganya. Usitafute neno laini zaidi, nimelitafuta miaka yote hii na halipo. Mwambie siku ile aliponiuliza kama imeandikwa, haikuwa imeandikwa. Yeye alitaka kumchukua mtoto wake na alikuwa na haki, na mimi ndiye niliyemzuia. Anaweza kukasirika. Anaweza kukupiga na fimbo kwa niaba yangu, unisamehe. Lakini akishakasirika atakuwa mtu aliyefunguliwa, na mtu aliyefunguliwa anaweza kupanda basi. Mchukue mwende wote Butembo. Na kama njia ya mbele imefungwa, rudini huku hata kwa miguu.

Sasa naandika sentensi ambayo nimeizunguka tangu nilipokaa. Akikataa, mwache. Mimi binti yake wa kwanza, niliyebebwa mgongoni mwake, ndiye ninayeandika hivyo. Mpigie magoti, mshike mikono, mlilie ukitaka. Akikataa, inuka, toka kati ya zile nguzo na usigeuke. Usiseme siku mbili. Usiseme nitamwangalia usiku huu tu. Kila mtu aliyebaki alibaki kwa usiku mmoja tu.

Najua utakavyofikiri, kwa sababu una moyo wa mjomba wako, na unaruka kama yeye bila kumwona. Utafikiri kutoka ni woga. Mimi nimewajua waoga. Mwoga alikuwa yule aliyesimama na godoro kichwani akaogopa kuonekana hajui Kiingereza. Kasereka hakuwa mwoga, alikuwa mtoto aliyemwamini dada yake. Na yule mtu wa kwenye karatasi, ambaye jina lake sikutaka kulisikia, alikuwa kipa bora kuliko nilivyomfanya. Alijua saa ambayo mchezo umekwisha.

Glavu zako nimeziona umeziweka juu kabisa ya begi. Nimeziacha hapo. Butembo nako kuna magoli.

Mwisho wa kila siku huwa naandika saa ninayokwenda kulala. Ni tabia ya shule, unanicheka nayo. Katika madaftari yangu yote kuna siku moja ambayo nafasi hiyo ni tupu, na sasa unajua ni ipi. Leo nilidhani itakuwa ya pili. Lakini kwa muda mrefu nimekuwa nikisikia mpira wako ukigonga ukuta, ukigonga, ukirudi, nikajua hulali nawe, na sasa umenyamaza. Nimefungua mlango kidogo. Umelala chali, mikono umeitandaza pande zote mbili za kitanda. Nimeikunja juu ya kifua chako, hukuamka.

Nakwenda kulala. Saa tisa na nusu usiku.

Mama yako,
Masika